Tupeane uzoefu: umebanaje matumizi ya nyumbani hapa Uganda?

Bint Bombo

Assalam alaikum na habari zenu nyote. Naomba hapa tusiambiane "funga mkanda", hayo tumeyasikia tangu utotoni. Kila mmoja aseme jambo alilolifanya nyumbani kwake na akaliona mfukoni: mkaa, maji, Yaka (umeme wa kulipia kabla), sukari, nauli, mahitaji ya shule. Taja na mahali ulipo, maana ya Arua si ya Kampala.

Naanza mimi. Kwetu Bombo nyumba imejaa: mama mkwe, watoto, na wageni hawakatiki. Kinachomaliza pesa ya nyumba kama yetu ni kununua kwa vipande. Mkaa wa kavera (mfuko wa plastiki), mafuta ya kikombe, sukari ya robo, sabuni ya kukatiwa. Mwenye duka naye ana watoto, lazima kila kipande akiwekee faida yake. Mwisho wa mwezi mwenye pesa kidogo amelipa sukari ile ile bei kubwa kuliko mwenye gari anayebeba gunia zima. Jambo hili linaniuma kweli.

Basi wanawake wa mtaa wetu tulikubaliana. Kila Ijumaa kila mmoja anampa mweka hazina chochote alichokitenga, kinaandikwa kwenye daftari. Mwezi ukiisha tunatuma wawili Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala. Wanarudi na gunia la sukari la kilo 50, jerikani ya mafuta ya lita 20, katoni ya sabuni, wakati mwingine mchele. Tunapima kwa mizani mbele ya wote, kila mtu anachukua kwa kadiri ya pesa yake, na nauli ya wale wawili tunagawana. Kwa Ramadhani tunaanza kununua Rajab, miezi miwili kabla. Ukingoja mwezi uandame, sukari na mchele vimeshapanda.

La sabuni nalo msilidharau. Mche mpya una maji ndani, ukiutia kwenye beseni siku hiyo hiyo unayeyuka. Ukate, upange vipande kwenye rafu vipigwe na hewa wiki kadhaa vikauke vigumu. Utaona vinavyodumu.

Haya, karibuni.

Mama Pacha, Nsambya

Dada Bint, asante, lakini nikupinge kidogo kwa heshima. Gunia ni la mwenye mahali pa kuliweka. Sisi wa chumba kimoja, kitanda, jiko na watoto vyote hapo hapo, sukari ya kilo kumi naiweka wapi? Panya wataila kabla yangu. Halafu mume wangu analipwa kila jioni, na hiyo hiyo jioni ndiyo tunayokula. Wengi tuliotoka Kongo tunaishi hivyo hapa mjini, na Waganda wengi pia.

Mimi pesa yangu niliiona kwenye maji. Mtaani kwetu kijana anakuletea jerikani mlangoni, na bomba likikauka anataja bei anayotaka. Lakini yapo mabomba ya umma ya NWSC, shirika la taifa la maji, yanayotumia tokeni: unaijaza pesa, unaichomeka bombani, na jerikani ya lita 20 inakutoka kwa shilingi 25. Jerikani moja ya kuletewa mlangoni inanipa nyingi za pale bombani. Tokeni yetu tunaitumia majirani watatu, na foleni tunaikimbia kwa kwenda alfajiri. Watoto wakirudi shule kila mmoja anabeba kijerikani chake cha lita tano, hakuna kubebeshwa kubwa.

Maji ya kufulia hayamwagwi. Yanaosha sakafu, kisha choo.

Fundi Umeme, Kireka

Wengi wananunua Yaka bila kujua bei inavyopanda na kushuka, wanadhani mita inaiba. Bei ya nyumbani imepangwa kwa ngazi na inaanza upya kila mwezi. Yuniti 15 za kwanza ni shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 bei inaruka karibu mara tatu. Kuanzia ya 81 hadi 150 inateremka tena mpaka takriban shilingi 400, na ngazi hiyo iliwekwa makusudi ili watu wapikie umeme waachane na mkaa. Ukipita 150 inarudi juu. Juu ya yote hayo kuna kodi ya asilimia 18. Tangu Aprili 2025 mtandao uko chini ya UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kwisha, lakini mpango wa ngazi ndio ule ule.

Sasa lifikirie jiko lako. Kama nyumba yako, kwa friji na pasi na taa, inafika yuniti 80 hata usipopika, basi kila yuniti ya kupikia, mpaka ya 150, unaipata kwa ile bei ya chini. Hapo sufuria ya presha ya umeme inaushinda mkaa waziwazi, hasa kwa maharage na kwato. Kwangu maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva chini ya saa moja, na muda mwingi sufuria imejizima, inasukumwa na joto lake. Lakini kama wewe ni wa yuniti 30 kwa mwezi, ukianza kupikia umeme unapikia kwenye ngazi ghali. Usinunue sufuria kwa kuwa jirani kanunua.

Na nyie wa mizigo, vile vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, mnaochangia mita moja: zile 15 za bei rahisi mnagawana wote, zinaisha siku ya pili ya mwezi. Mkiweza kumshawishi mwenye nyumba kila mlango upate mita yake, fanyeni hivyo. Ni pesa yenu.

Mama Pacha, Nsambya

Kaka Fundi, hilo la mita moja hakuna aliyewahi kutuambia! Tuko milango sita. Leo leo naongea na mwenye nyumba.

Dereva wa Kalerwe

Mimi naendesha teksi, hizi basi ndogo za abiria, kwa hiyo nasema ya nauli. Mvua ikinyesha au foleni ikikaza, nauli inapanda, kila mtu anajua. Anayeweza kutoka kazini nusu saa mapema atoke. Na ile boda ya kutoka steji hadi mlangoni, umbali wa kutembea dakika kumi, ikijumlishwa kwa mwezi inashinda nauli ya teksi yenyewe. Kama ni mchana na hujabeba mzigo, tembea. Usiku panda, usalama wako hauna bei.

Jingine ni pesa za simu. Kila ukitoa kuna ada ya kampuni, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi ulichotoa, tangu Novemba 2018. Wenzangu wanatoa elfu kumi asubuhi, elfu kumi mchana, elfu ishirini jioni, na kila mara ada inakatwa upya. Mimi natoa mara moja kwa wiki. Mengine nalipa kwa simu moja kwa moja bila kuyageuza noti: Yaka, maji, hata karo.

Soko la Kalerwe mlijue saa zake. Alfajiri malori yanaposhusha, nunua mkungu mzima wa matoke mgawane na jirani, kuliko kununua fungu fungu barabarani. Jioni giza likiingia, nenda kwa mboga. Nakati, dodo na nyanya havilali, mwenye meza anataka kwenda nyumbani, anakuongezea mkono mzima.

Mwalimu wa Busia

Maharage jamani. Sehemu nyingi za nchi hii zina mavuno mawili: Juni na Julai, halafu Desemba na Januari. Wakati huo bei iko chini, na ndipo mwenye mshahara anapaswa kununua ya miezi mitatu au minne. Kinachotuzuia ni bungua, mdudu anayetoboa nafaka. Dawa ipo wala si ya sumu. Yaanike juani mpaka ukiuma punje inavunjika kwa mlio, yaache yapoe kivulini, kisha yajaze kwenye jerikani safi, kavu kabisa, mpaka shingoni. Itikise yashikane, ongeza tena, kaza kifuniko juu ya kipande cha kavera. Bungua anahitaji hewa kama mimi na wewe. Hewa ikiisha humo ndani anakufa, na yai lake halianguliwi. Usifungue fungue kuchungulia. Chukua jerikani ndogo ndogo, ufungue moja tu.

Mama Pacha, hili linakufaa hata wewe wa chumba kimoja. Jerikani inaingia chini ya kitanda na panya haiwezi.

Mahitaji ya shule: karatasi za rimu nunua boksi mgawane wazazi watano, kila boksi lina rimu tano. Nunueni likizoni. Wiki ya kufungua shule, hasa muhula wa kwanza, kila duka linajua huna pa kukimbilia. Na orodha ya shule isomeni kwa makini. Pale panapoandikwa ufagio na karatasi za chooni kila muhula, ulizeni kwenye mkutano wa wazazi kama za muhula uliopita zimeisha. Kuuliza kwa adabu si ukaidi. Shule moja ninayoijua ilipunguza orodha baada ya wazazi kuuliza.

Mzee wa Arua

Mkaa. Tangu amri ya Rais ya Mei 2023 ya kukataza mkaa wa biashara huku kaskazini, gunia linalofika mjini limekuwa la thamani. Miti yetu inakwisha, na mimi nimezaliwa hapa nikiiona, kwa hiyo amri naiunga mkono. Vumbi la chini ya gunia msitupe. Lichekecheni, lichanganyeni na udongo wa mfinyanzi kidogo na uji wa muhogo, finyangeni madonge, anikeni yakauke kabisa. Hayawaki upesi, lakini kwa maharage na kwa kuchemsha maji ya kuoga yanakaa.

Mama Zuhura, Katwe

Magunia ya mboga. Sina uwanja, nina ukuta. Gunia la udongo na samadi, katikati nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, pembeni matundu ya sukuma na dodo. Mboga ya kila siku sinunui. Anayetaka kuona kwa macho aende kituo cha kilimo cha KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) pale Kyanja.

Kijana wa Makerere

Mukene (dagaa) badala ya nyama, mara tatu kwa wiki. Ukaange kavu kwanza uishe harufu, halafu uupike kwenye mchuzi wa njugu. Mimi na wenzangu wa hosteli hatujakonda.

Mama Pacha, Nsambya

Dada Bint, na mimi nina swali. Kile kikundi chenu, mtu asipoleta pesa yake wiki mbili tatu, mnamfanyaje? Chetu kilivunjika kwa sababu hiyo.

Bint Bombo

Hatumfanyi kitu, mpenzi. Kwetu hakuna deni. Aliyeweka elfu tano anachukua sukari ya elfu tano, ambaye hakuweka mwezi huo hachukui, na mwezi ujao anakaribishwa vile vile. Kikundi cha zamu, kile cha kupokezana kitita, kinavunjika kwa sababu mmoja akishapokea wa kwanza anaweza kulegea. Hapa kila mtu anakula jasho lake mwenyewe. Mweka hazina tunambadilisha kila baada ya miezi mitatu, daftari linasomwa kwa sauti kabla ya wawili kwenda Kikuubo, na pesa hailali nyumbani kwa mtu, inakaa kwenye laini ya simu ambayo namba yake ya siri imegawanywa: nusu anaijua mweka hazina, nusu anaijua katibu. Kwa chumba kimoja, anzeni na sabuni na mafuta tu, vitu visivyoliwa na panya. Nitakuandikia jinsi tulivyochora kurasa za daftari letu, ukipenda.