Naomba ushauri: kampuni changa ya kuzuia ajali za setilaiti, Mtwara

Wakuu, habari za kazi. Tunajenga kampuni ya kuwatahadharisha wenye setilaiti kabla hazijagongana, kama Iridium 33 na Cosmos 2251 Februari 10, 2009. Data za bure za obiti (njia ya setilaiti kuzunguka Dunia) zina kosa la takriban kilomita moja tangu mwanzo, na linakua kila siku. Kwa hiyo tunasimika darubini yetu tupime wenyewe zilipo.

Kinachosumbua ni saa. Setilaiti ya obiti ya chini hukimbia kama kilomita 7.5 kwa sekunde. Muda ukikosewa milisekunde 10 tu, umepotea mita 75. Kipokezi cha GPS cha kutupa saa sahihi kipo, ila kamera na kompyuta vina ucheleweshaji wao. Mnaupimaje?

Mahali je? Mikindani kuna umeme na intaneti, lakini chumvi ya bahari itakula vioo. Newala ni juu, ila nahofia ukungu wa alfajiri, na setilaiti hizi huonekana vizuri alfajiri na magharibi.

Wawekezaji wa mwanzo wanataka hisa asilimia 20 sasa hivi, kabla hata ya mteja wa kwanza (haraka ya nini?). Sisi tunapendelea mkopo unaogeuka hisa, wenye ukomo wa thamani ya kampuni itakayotumika kukokotoa hisa hizo. Waliowahi kusaini, kifungu gani huja kuuma baadaye?