Tupeane uzoefu: kuchapa kutu na vyuma vya kuokota kwenye kitambaa cha kazi ya kikundi

Jora Moja

Wadau, uzi huu ni wa wanaochapa kutu kwenye vitambaa, yaani kulaza chuma juu ya kitambaa chenye siki ili kiache alama ya kutu, kwa kazi ya watu wengi: kila mmoja anaandaa kipande chake, kisha vinashonwa pamoja kuwa pazia au kazi ya kutundika ukutani. Tuweke vipimo, hatua, na yanayoharibika pamoja na sababu zake. Kazi ikiwa ya mtu mmoja, hasara inaishia kwake. Kwenye kazi ya kikundi, kipande kimoja kilichobaki na siki kinaendelea kula vya jirani.

Naanza na kitambaa. Chukueni pamba, kitani, hariri au viskosi. Polista haifai, kutu inakaa juu juu tu na kutoka kwenye mfuo wa kwanza. Vipande vyote vitoke jora moja, na kitambaa chote kifuliwe pamoja kabla ya kukatwa, maana kitambaa kipya kina wanga na mafuta ya kiwandani yanayozuia maji kupenya. Kwa pamba na kitani, weka magadi ya kufulia gramu 20 kwa kila kilo ya kitambaa kikavu, sabuni kidogo, chemsha polepole saa moja, suuza. Hariri na sufu zisiguswe na magadi. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini yanazitosha. Dondosha tone la maji ujaribu: likinyonywa papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likibaki limesimama juu kama shanga, fua tena.

Kisha siki ya kawaida ya asilimia 5 na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Lowanisha kitambaa kiwe kibichi bila kudondosha. Panga vyuma, funika kwa nailoni, weka uzito juu. Chungulia baada ya saa 12. Kazi nyingi huiva kati ya saa 24 na 48, na penye joto huenda haraka zaidi.

Fundi Nyundo

Niongeze upande wa vyuma, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza siku mbili wakisubiri alama ambayo haitakuja.

Siki inayeyusha chuma kidogo kuwa asetati ya chuma. Asetati hiyo ndiyo inayopenya kwenye nyuzi, na oksijeni ya hewa inaigeuza kuwa kutu humo humo ndani. Kwa hiyo chuma kisichoyeyuka hakichapi kitu. Sumaku itakutengea alumini, shaba na shaba nyeupe, kwani haizishiki. Lakini usiiamini moja kwa moja: inashika pia chuma kilichopakwa zinki, na hata aina fulani za chuma kisichoshika kutu. Chenye zinki utakijua kwa ukijivu wenye mabaka yanayometa. Kikwangue kwa tupa mpaka chuma chenyewe kionekane, au kiache. Kamwe usikitupe motoni ili zinki iungue, moshi wake unaumiza mapafu.

Vizibo vya chupa vya chuma vina rangi juu na plastiki ndani. Toa plastiki, sugua ukingo kwa msasa, na utapata duara safi lenye meno. Makopo nayo yamepakwa bati na vanishi, hivyo hushika kutu kwenye mikwaruzo tu, na hapo unaweza kuchora kwa msumari utakavyo. Mnyororo wa baiskeli una grisi. Uoshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yatoke masafi, la sivyo kila penye grisi pataacha doa jeupe. Waya laini wa chuma wa kusugulia, ukikatwakatwa kwa mkasi na kunyunyizwa, huchapa ndani ya saa chache, na ndio ninaoupenda kuliko vyote kwa kujaza nafasi kati ya alama kubwa. Hakikisha si ule usioshika kutu.

Chuma chenye rangi ya zamani inayobanduka kiachwe kabisa, huenda rangi hiyo ina risasi.

Mpika Rangi

Mkuu Nyundo, hapo kwenye oksijeni ndipo penye siri. Kifurushi kilichobanwa sana kwenye nailoni hutoka kimepauka, kijivu chenye ukijani, na watu wanakitupa. Kisitupwe! Chuma kimo ndani ila hakijapata hewa. Kifungue, kiache kibichi hewani kwa saa kadhaa, na rangi ya chungwa itajitokeza. Kinyume chake, kitambaa kikikauka mapema kazi inasimama na alama inabaki hafifu. Fungua nailoni mara mbili kwa siku, dakika chache tu, pulizia tena, funika.

Mstari mkali unapatikana pale chuma kilipobanwa sawasawa. Mifuko midogo ya mchanga inabana vizuri kuliko tofali, kwani inafuata umbo la kitu. Bomba au springi ivirigishiwe kitambaa na kukazwa kwa uzi mzunguko hadi mzunguko; uzi wenyewe utaacha michirizi mieupe.

Kwa kikundi, jaribuni hili: chuma kimoja kiwekwe katikati ya vipande viwili, kimoja chini na kimoja juu. Mnapata pacha zinazotazamana. Kila pacha ikipewa mtu tofauti aiendeleze kwa sindano yake, kisha zikawekwa mbali kwenye kazi kubwa, jicho la mtazamaji linaziunganisha lenyewe.

Sasa tanini, ile kemikali kakasi iliyomo kwenye chai na maganda ya mimea. Majani ya chai gramu 30 kwa lita moja ya maji, chemsha dakika 20, chuja, loweka kitambaa saa moja au usiku kucha, kamua bila kusuuza, ndipo uweke vyuma. Chuma kikikutana na tanini, badala ya chungwa unapata kijivu, zambarau iliyokolea hadi nyeusi. Ndiyo kemia ya wino wa kale wa chuma, na ndiyo ya bogolanfini ya Mali, ambapo kitambaa huloweshwa kwanza kwenye maji ya majani yenye tanini kisha huchorwa kwa tope lenye chuma. Maganda ya komamanga na ya mikakaya yanafanya kazi hiyo hiyo. Maganda ya vitunguu yanaelekea kijani chenye ukahawia.

Onyo kwa vikundi: vipande vya tanini vioshwe beseni lake. Tanini ikihama kwenda kwenye kipande cha chungwa, chungwa lote linageuka kijivu na halirudi.

Uzi Mbichi

Asanteni. Na chumvi je? Kuna maelekezo mengi yanayosema umalizie kwa kuloweka kwenye maji ya chumvi ili kutu isimame.

Fundi Nyundo

Maelekezo hayo yanazunguka sana, na yanakwenda kinyume. Chumvi huharakisha kutu, tena huvuta unyevu wa hewani. Ukiitaka, itie mwanzoni, kijiko kidogo kimoja kwa lita ya mchanganyiko, pale unapotaka alama za haraka zenye chembechembe. Mwishoni inabaki kwenye nyuzi na kazi inaendelea kuliwa ikiwa ukutani.

Kinachosimamisha ni kuondoa asidi. Suuza mpaka maji yatoke safi. Loweka nusu saa kwenye soda ya kuokea, vijiko vikubwa 2 kwa lita 4 za maji. Mapovu yakitoka, asidi bado ipo. Badilisha maji, rudia. Malizia kwa sabuni isiyo kali na maji mengi. Bandika karatasi ya litimasi ya buluu kwenye kitambaa kibichi: ikigeuka nyekundu, rudi kwenye beseni.

Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isisogee hapo. Ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu, na haiondoi kutu, inaizidisha. Anayetaka kufuta sehemu ya alama atumie maji ya limau na kusuuza haraka.

Bi Sindano

Nakubaliana na hayo, lakini tusidanganyane kwamba soda inamaliza kila kitu. Chuma kilicho ndani ya nyuzi kinachochea oksijeni kuivunja selulosi, yaani mada inayounda nyuzi za pamba na kitani, taratibu. Wahifadhi wa makumbusho wanalijua hili vizuri: kwenye nguo za zamani, sehemu nyeusi zilizotiwa chuma na tanini ndizo zinazomeng'enyeka wakati rangi nyingine za kitambaa hicho hicho bado nzima. Wino wa chuma nao umetoboa kurasa nyingi za miswada.

Kwa hiyo mimi nasema gamba nene la kutu si rangi. Lisugue kwa brashi laini likiwa bado bichi, kwa sababu likikauka linatoa vumbi na utahitaji barakoa. Kisha shika kipande kwa vidole pande mbili, kivute kwa mshazari. Kikisikika kinakatika, kishonee pamba iliyofuliwa kwa nyuma kote, msikitegemee kubeba uzito. Hariri nyembamba isipite saa 12 chini ya chuma. Kitani kizito kinavumilia zaidi.

Cherehani: chembe za kutu zinakula ncha ya sindano kama msasa usioonekana, hivyo tumia namba 90 au 100, badilisha mara sauti ya kutoboa inapobadilika, na futa sehemu ya bobini kila unapomaliza kipande. Mishono inayobeba kazi ishonwe kwa uzi wa polista, kwa sababu uzi wa pamba unaopita juu ya kutu utaliwa pia. Uzi wa pamba uwe wa kutarizi, ambako ukikatika hakuna kinachoanguka.

Mtande

Upande wa kuratibu. Mkitaka viraka vya sentimita 30 vilivyokwisha kushonwa, kateni 36 kwanza. Kitambaa kinanywea na pindo linafumuka kwenye maji. Baada ya kukauka na kupigwa pasi, punguzeni hadi 33, yaani sentimita 1.5 ya mshono kila upande. Andaeni vya akiba, angalau kimoja kwa kila kumi.

Alama ya mwenye kipande ishonwe pembeni kwa uzi wa polista. Wino wa kalamu nyingi unatawanyika kwenye siki, na karatasi inalainika na kupotea. Kila kipande kiwe na maelezo yake: chuma gani, siki kiasi gani, saa ngapi, tanini kabla au baada, picha kikiwa kibichi na kikiwa kikavu. Kikavu huwa chepesi zaidi kwa rangi, na ugomvi mwingi wa kupanga unatokana na kulinganisha kibichi na kikavu.

Kama inawezekana, hatua ya kutu ifanyike mahali pamoja kwa siki ya chombo kimoja na maji ya aina moja. Maji ya kisima yenye chuma yanageuza tanini kuwa kijivu kabla hata msumari haujawekwa. Wanaofanyia kwao watume vipande vikavu kabisa, vilivyopigwa pasi, na karatasi safi kati ya kimoja na kingine. Unyevu kidogo ndani ya bahasha unatosha kuchapa kipande cha mwingine.

Kwa kipande kinachozunguka mkono hadi mkono, andikeni mapema nini kinaruhusiwa: kukata, kufunika kazi ya aliyetangulia, kufuta kwa limau. Heshima ya kazi ya mwenzako isiachwe kwenye kubahatisha.

Kuunganisha, msishone kiraka kimoja kimoja hadi mwisho. Tazameni anavyofanya El Anatsui, mchonga sanamu mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria: wasaidizi wanaunganisha vizibo vya alumini kwa waya wa shaba kuwa mapande, mapande yanatandazwa sakafuni na kuhamishwahamishwa kabla ya kuunganishwa. Viraka tisa kwa pande moja ni kiasi kizuri. Pande likiharibika linatoka bila kufumua kazi nzima.

Mpika Rangi

Kupitisha mstari mmoja juu ya viraka vingi, tumieni maji ya chuma. Misumari yenye kutu nusu chupa, siki na maji sawa kwa sawa mpaka ifunikwe, wiki moja hadi mbili. Kifuniko kilegezwe, kwa sababu chuma ndani ya siki kinatoa haidrojeni na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka. Chujeni kwa kitambaa. Ili isitawanyike chini ya brashi, pikeni uji mzito wa wanga kwa maji matupu, upoe, ndipo mchanganye. Wanga ukipikwa pamoja na siki unakuwa mwepesi. Alginati, kikazishi cha rangi kinachotokana na mwani, haifai hapa, inagandamana ikikutana na chuma.

Pangeni viraka sakafuni, chora mstari kwa chaki, kila kimoja kipakwe peke yake, kisimamishwe kwa soda, kikauke, ndipo mshone. Kupaka baada ya kushona kunaacha siki kwenye mikunjo ya mshono, mahali ambapo suuza haifiki.

Uzi Mbichi

Na tukitaka kushona vyuma vyenyewe juu ya kazi? Washa za bolti (zile pete bapa), funguo, vipande vya mnyororo.

Bi Sindano

Dada, inawezekana, ila chuma kilicho wazi kitaendelea kuchapa kila hewa ikiwa na unyevu. Kisugue kwa brashi ya waya, kioshe, kikaushe kwa joto, kipake vanishi ya akriliki tabaka mbili pande zote, hata ndani ya tundu. Nta inafaa pia, lakini inabidi irudiwe. Weka kipande cha kitambaa cha polista kati ya chuma na kazi, shona kwa uzi wa polista mara nne tundu kwa tundu, na fundo lishike kitambaa cha nyuma, si kiraka cha kutu. Vizito vikae karibu na ukingo wa juu, chini kidogo ya mfereji wa kupitishia fimbo, na fimbo yenyewe iwe ya mti au alumini.