Njia ikioza na mvua: tupite katikati, pembeni, tujaze mawe ao turudi?

Mwana_Lushi
Jambo yenu bote. Tunapanga kutoka Lubumbashi kwenda kuona maporomoko ya Lofoi, kule mu pori ya Kundelungu, gari mbili, Land Cruiser 78 na Hilux, na mvua imeshaanza. Wakati ya kiangazi ni vumbi tu, unafunga vioo unaenda, lakini sasa kuko fasi za dambo (bonde ya majani yenye inashika maji), bulongo nyeusi yenye inashika mapine mpaka haionekane tena ni mapine, na makamiyo yamepita mbele yakaacha mitaro. Minasikia mawazo ine: bamoja banasema pita katikati na nguvu, bengine zunguka pembeni mu majani, bengine shuka mujaze mawe na miti, bengine rudi ungojee jua. Benye banaendeshaka mu matope kabisa banisaidie, ipi ni ya kweli?

Shofere_wa_Bukavu
Ndugu, mbele ya kuchagua shuka kwanza, chukua fimbo, tembea ile fasi yote na miguu. Pima mutaro uko na kina gani, chini kuko mugumu ao ni potopoto tupu, na mwisho wake gari itatokea wapi. Bantu banaikala mu gari banabishana wakati jibu iko pale chini.

Kwetu ku Ngomo, pale unateremuka kuelekea Kamanyola, ule udongo mvua ikinyesha kidogo unakuwa sabuni. Mi napitaka katikati, lakini si na nguvu vile bale banakuambia. Unatia kurte (gia za chini za 4x4, za nguvu) ungali ku fasi ya kukauka, vitesi (gia) ya pili, unaingia na mwendo ileile moja mpaka utokee, hakuna kubadilisha vitesi mu matope, hakuna kugusa ambreyaji (klachi). Pine ikianza kuzunguka bure toa mguu palepale, maana kila muzunguko unachimba, na ukichimba mpaka ponti (ekseli) ikalala ku bulongo hata 4x4 haikusaidie tena. Rudi nyuma ku alama zako, jaribu mara ingine polepole.

Mitaro nayo: kama kina yake ni kidogo kuliko nafasi iko chini ya ponti, weka mapine ndani na ushike volani sawasawa, maana ukiikata ukiwa ndani, gari haitageuka, halafu wakati mutaro unaisha inaruka upande wenye ulikuwa umeelekeza. Kama kina inazidi, panda juu, pine moja ku mugongo wa katikati, ingine ku ukingo. Lakini hiyo ni ya fasi tambarare, ku mulima wenye unalala upande usijaribu, gari itateleza iangukie mu mutaro na kupinduka. Kuteremuka ni vitesi ya kwanza ya kurte, moteri njo inashika gari, freni uache.

Papa_Kolwezi
Mi naona munajitesa. Kama katikati kumeoza pita pembeni, majani yanashika pine kuliko matope, gari inapita bila taabu. Makamiyo yote banafanya vile.

Mama_wa_Kasenga
Papa, na heshima yote, njo vile barabara zetu zinakufa. Gari ya kwanza inapita pembeni, majani yanalala, ya pili inayang'oa, ya kumi inakuta nako ni matope, inaenda mbali zaidi, mwisho barabara ya metre ine inakuwa kiwanja cha potopoto ya metre makumi mbili na hakuna hata fasi moja ya kupita. Na yale majani unaita pembeni mara mingi ni shamba ya mutu! Mi nalima karibu na barabara, mihogo inakaa mu bulongo mwaka muzima na zaidi, halafu mutu anaikanyaga kwa dakika moja juu hapendi kuchafua gari. Ile mitaro mupya nayo ikipata maji inakuwa korongo, bulongo yote inaenda mu muto. Mu pori la Kundelungu ni mubaya zaidi, ile ni parke tangu 1970, toka mu njia hapana.

Jiwe_la_Goma
Namuunga mama mkono. Mimi niongeze upande wa mapine, maana hapa kwetu shida ni mawe. Lava ya volkano Nyiragongo inakata. Ile ya 2021 ilipita juu ya barabara ya Rutshuru, na hata pale mashine zinafungua njia, kingo za mawe zinabaki kama zilivyo.

Mu matope punguza upepo, toka bari 2,4 mpaka 1,5 hivi, pine inalala chini na kushika fasi kubwa. Chini ya bari 1 usiende, pine inaweza kutoka ku janti (rimu) ukikata kona. Mu mawe punguza kidogo tu, juu ukilegeza sana tumbo ya pine inatokea nje, na tumbo njo fasi laini, ikipasuka pale hakuna kubandika. Jiwe kubwa usilipitishe katikati ya gari, lipandishe pine juu yake polepole, ponti na karteri (fasi ya oili chini ya moteri) zitapita salama. Na beba kompresa, maana ukirudi ku lami na bari 1,5 ukakimbia, pine inapata moto na kupasuka.

Mwana_Lushi
Aksanti sana yaya zangu. Sasa ku vifaa: treyi (mashine ya kuvuta gari na kamba), maplaki (mbao za kuweka chini ya mapine), ao kamba tu? Franga haitoshe kununua vyote.

Shofere_wa_Bukavu
Kwa dambo, maplaki mbele ya treyi. Treyi inahitaji muti mugumu karibu, na mu dambo miti haiko, ni majani tu mpaka mbali. Plaki unachimba kidogo mbele ya pine, unaisukuma chini, gari inapanda. Kamba chukua ile ya kunyumbulika, nyororo hapana, ikikatika inaruka na kuua mutu. Ifunge ku ndoano zenye zimeshikwa ku shasi, si ku boli ya remorki (ya kuvutia trela), ile boli ikivunjika inaruka nguvu sana. Bantu bote basimame mbali, na juu ya kamba tupa koti nzito. Muko gari mbili, kwa hiyo moja ibaki ku fasi ya kukauka mpaka ingine ivuke, musiingie pamoja hata siku moja.

Papa_Kolwezi
Mama nimekusikia. Lakini daraja ikienda na maji je? Pale katikati haiko.

Mama_wa_Kasenga
Pale sawa, lakini unaita chef wa kijiji na mwenye shamba, munaelewana mbele ya kuingia, na vijana banaweza kufanya salongo (kazi ya pamoja ya kijiji) pamoja na nyinyi. Kwa mashimo ya matope miti inalala kukata barabara, si kufuata barabara, moja karibu ya ingine, majani juu, mawe ku kingo ili isitembee. Na toboa kamutaro kadogo maji yatoke kwanza, kama maji haiko na fasi ya kutokea, mawe unatia leo kesho yamezama. Ukimaliza kupita usiyaondoe, kuko gari nyuma yako.

Mwana_Lushi
Basi maplaki na kompresa, treyi itangoja. Tukifika ku dambo na maji ingali imesimama juu ya njia tunalala kijijini, tunangojea. Kuko mutu amepita kule wiki hii atuambie kama daraja za miti zingali zinashika Land Cruiser yenye muzigo?