Mrejesho: pikapu ya dizeli iliyokuwa ngumu kuwaka asubuhi

Ahsanteni nyote mlionijibu kuhusu pikapu yangu: ikilala usiku, asubuhi stata huzunguka mpaka betri ichoke, lakini injini ikishapata moto hushika mara moja.

Wengi mlisema gloplagi, yaani plagi zinazopasha joto ndani ya injini ya dizeli kabla ya kuwaka. Tulizipima kwa mita, moja ilikuwa imekufa, nikaibadilisha. Moshi mweupe ukapungua, ugumu ukabaki palepale. Na kwa joto hili la Mombasa sikushangaa sana, maana gloplagi huhitajika zaidi kwenye baridi. Aliyenambia nipige pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli kabla ya kuwasha ndiye aliyelenga. Nilipiga hadi ikawa ngumu, gari likashika papo hapo! Yaani dizeli ilikuwa inarudi tangini usiku na hewa kuingia. Fundi wangu wa Changamwe akaunga kipande cha paipu angavu, mapovu tukayaona kwa macho. Kumbe paipu ya mpira kabla ya filta ina ufa mwembamba, na kwa nje haivuji hata tone. Paipu mpya na klipu mpya, basi.

Betri sikununua. Asubuhi za mvua injini bado inatetemeka kidogo kabla ya kutulia. Nashuku nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, ila hizo zitangoja mwisho wa mwezi.