Ahadi za Mungu kwa Israeli zimeshatimia au bado? Nina kipindi Jumatano, naomba ushauri

Kalamu ya Mwanzi
Wakuu, shalom. Naongoza jumuiya yetu ya mtaani, watu kumi na wanane hivi, na Jumatano jioni tunasoma Biblia. Kitabu cha Yoshua kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka wiki iliyopita tulipofika mwisho wa sura ya 21, pale panaposema Bwana aliwapa Israeli nchi yote aliyowaapia baba zao, akawapa raha pande zote, na mambo yote yakatimia.

Tuna mzee mmoja fundi seremala, Biblia anaijua kuliko mimi. Akafunga kitabu: "Basi, kesi imekwisha. Mungu hadaiwi na taifa la Israeli, alimaliza siku za Yoshua. Yaliyobaki ni ya Kanisa." Mwalimu mstaafu akadakia palepale kwamba Mwanzo 17:8 inasema milki ya milele, na mwaka 1948 taifa la Israeli lilipoundwa dunia nzima imeona. Chai ilipoa mezani. Mmoja wao aliondoka kabla ya sala ya kufunga.

Sasa wote wawili wanataka Jumatano nitoe "msimamo". Chuo cha Biblia sijakanyaga. Nifundisheje bila kuivunja jumuiya? Naomba hoja jamani, matusi wekeni akiba.

Jembe la Mkono
Pole mkuu. Kwanza mwambie fundi arudi nyuma kidogo. Yoshua 13:1, kitabu hichohicho, Mungu anamwambia Yoshua umezeeka, na nchi iliyobaki kumilikiwa ni kubwa sana. Sura ya 15 inamalizika na Wayebusi wakiwa Yerusalemu, Yuda wameshindwa kuwatoa. Nao Wayebusi ni miongoni mwa mataifa kumi yaliyotajwa Mwanzo 15 kwamba nchi yao itakuwa ya uzao wa Abramu, yaani Ibrahimu. Mji wenyewe unakuja kuchukuliwa na Daudi, 2 Samweli 5. Waamuzi 1 nayo ni orodha ya "hawakuwafukuza", kabila baada ya kabila.

Sisemi Yoshua 21 inadanganya. Mwandishi ni mmoja na hakuona shida kuweka yote mawili. Nionavyo, sura ya 21 inasema Mungu kwa upande wake hakupunguza neno, na hizo nyingine zinaonyesha Israeli walivyolegea. Lakini kuifanya sura ya 21 risiti ya malipo ya mwisho, hapana.

Mama wa Mlimani
Kaka, Jembe kasema vizuri ila kamwacha Sulemani. 1 Wafalme 4:20-21: watu wengi kama mchanga wa pwani, na utawala kutoka Mto, yaani Frati, hadi mpaka wa Misri. Hayo ni maneno ya Mwanzo 15:18 na Mwanzo 22:17 yamewekwa pamoja makusudi. Halafu Nehemia 9:8, Walawi wanasali baada ya uhamisho wa Babeli, wanamwambia Mungu umelithibitisha neno lako. Kwa hiyo fundi wako hajakurupuka, ana watu wa Biblia nyuma yake.

Jembe la Mkono
Dada, soma hadi mwisho wa mstari. Zile falme zilikuwa zinamletea Sulemani kodi. Kutozwa kodi siyo kuhamiwa.

Mama wa Mlimani
Haya, hapo umenikamata nusu 😄

Tai wa Usambara
1948 hiyohiyo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ndoo Mbili
@Tai wa Usambara, taratibu. David Ben-Gurion aliyetangaza taifa tarehe 14 Mei 1948 hakuwa mtu wa dini. Na wapo Wayahudi washika dini kabisa, kama Neturei Karta, wanaolikataa taifa hilo kwa sababu kwao ni Masihi ndiye atakayelirudisha. Wakati huohuo Wakristo Wapalestina wa Bethlehemu wanaisoma Mwanzo 17 hiyohiyo unayoisoma wewe, na kwao swali hili linagusa shamba la mizeituni la babu. Mleta mada, ukiingiza siasa za leo kabla ya andiko, hiyo Jumatano umeipoteza.

Kichekesho ni kwamba mwaka 1903 Waingereza walipendekeza kuwapa Wayahudi ardhi huku kwetu, nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo, wakauita mpango wa Uganda. Kongamano la Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta taifa lao, likaja kuukataa mwaka 1905. Hebu fikiria mabishano ya jumuiya yako kama wangekubali.

Mzee wa Kibatari
Mwanangu, nimefundisha somo hili mara nyingi, na mara mbili za kwanza nililiharibu kwa sababu niliuliza "ahadi imetimia?" kana kwamba ahadi ni moja. Ibrahimu aliahidiwa uzao, nchi, na baraka kwa jamaa zote za dunia. Zichukue mojamoja.

Uzao haubishaniwi sana mpaka mfike Wagalatia 3:16, Paulo anaposema mzao huyo ni Kristo. Baraka kwa mataifa, sisi wenyewe tuliokaa hapo kwenye mikeka ndio ushahidi. Ugomvi wote uko kwenye nchi. Hapo uwaonyeshe tofauti ya maagano. Mwanzo 15, wanyama wamepasuliwa, Abramu amelala usingizi mzito, na kinachopita kati ya vile vipande ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto. Abramu hakupita. Aliyejifunga ni Mungu peke yake. Njoo Kumbukumbu la Torati 28, masharti matupu: ukitii utakaa, ukiasi utang'olewa. Ndiyo maana Samaria ilianguka 722 kabla ya Kristo na Yerusalemu 586, na bado Yeremia 31 akaahidi agano jipya kwa nyumba ya Israeli na ya Yuda.

Mimi naamini nchi imepanuka: Warumi 4:13 inamwita Ibrahimu mrithi wa ulimwengu, na Yesu anawapa wapole urithi wa nchi. Ila kila nikitaka kusema Israeli wameondolewa kabisa, Warumi 11:29 inanizuia mlangoni: karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake. Waambie hivyo hivyo, kwamba mahali fulani wewe mwenyewe unasimama. Na kila mzee mpe asome kwa sauti andiko la mwenzake.

Msafiri wa Pangani
Mimi Muislamu, napita tu. Suratul Maida aya ya 21, Musa anawaambia watu wake waingie nchi takatifu waliyoandikiwa na Mwenyezi Mungu, kisha kwa kukataa kwao wanazuiwa miaka arobaini. Naona mzee Kibatari na masharti yake hayuko mbali na sisi hapo.

Kalamu ya Mwanzi
Wakuu, mrejesho. Nilifuata ya Mzee wa Kibatari, shikamoo mzee. Fundi alisoma Warumi 11, mwalimu akasoma Wagalatia 3. Hakuna aliyehama upande. Lakini tulipokuwa tunakunja mikeka, binti wa kidato cha pili akauliza: kama Yoshua 21:44 inasema walipewa raha, mbona Waebrania 4:8 inasema Yoshua hakuwapa? Fundi akafungua, akasoma, akavua miwani. Jumatano ijayo tunaanza Waebrania 4, na kipindi ameomba akiongoze yeye.