Gitaa linavuma kila ninapowasha amplifaya: tatizo ni gitaa, kebo au umeme wa jengo?

Msolo_wa_Igogo

Habari za jioni wakuu. Ninapiga gitaa la solo katika kwaya ya kanisa moja hapa Igogo, Mwanza, na kwa miezi mitatu sasa ninasumbuliwa na mvumo unaoanza mara tu ninapowasha amplifaya, hata kabla sijagusa uzi. Gitaa ni la muundo wa Stratocaster lenye pikapu tatu (vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi) za koili moja moja, na linapitia pedali mbili zinazotumia adapta moja ya volti 9. Nikilaza kiganja juu ya nyuzi, mkwaruzo wa juu unapungua sana, lakini mvumo mzito wa chini unabaki palepale.

Kilichonifanya niandike leo ni jambo jingine. Jumapili iliyopita, nilipoinama kuimba kiitikio huku nimeshika nyuzi, maikrofoni ilinichoma mdomoni kama sindano. Mwenzangu amenishauri nikate pini ya ethi (ile ya waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) kwenye plagi ya amplifaya, kwa kuwa yeye alikata yake na mvumo ukaisha. Naomba ushauri wenu kabla sijafanya hivyo.

Fundi_Amplifaya

Ndugu yangu, nakuomba sana usiikate. Mvumo wa mwenzako uliisha kwa sababu amplifaya yake na miksa zilikuwa zimefungwa ethi katika sehemu mbili tofauti, zikafanya mzunguko unaopitisha mkondo mdogo kwenye kebo ya sauti, naye akauvunja mzunguko huo mahali pabaya kuliko pote. Siku waya wa moto utakapogusa bodi ya amplifaya yake, njia pekee ya umeme itakuwa vidole vyake na midomo yake. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyokuwa na ethi sahihi. Sindano uliyoisikia ni onyo la jambo hilohilo. Usipige tena kabla hujachukua mita, ukaiweka kwenye volti za AC, ukagusisha ncha moja kwenye daraja la gitaa (chuma kinachoshika nyuzi), gitaa likiwa limechomekwa kwenye amplifaya, na nyingine kwenye kichwa cha maikrofoni. Inapaswa kusoma karibu na sifuri.

Tukirudi kwenye kelele, unazo mbili na kila moja ina tiba yake. Mkwaruzo unaopungua ukishika nyuzi unatoka kwenye taa za mirija, chaja za simu na vitu kama hivyo. Mwili wako unaupokea kama antena na kuupeleka kwenye gitaa, na ukigusa nyuzi, waya wa daraja unaushusha mwili kwenye ethi. Huo utautibu kwa kufunika ndani ya mashimo ya pikapu na vitufe kwa karatasi ya shaba, vipande vyote vikiwa vimegusana na kulehemiwa kwenye waya wa ethi, ila hakikisha ncha ya moto ya jeki (tundu la kuchomekea kebo) haiigusi shaba hiyo. Mvumo mzito ni wa sumaku na shaba haiuzuii. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mara nyingi utasikia pia hezi 100, ambayo iko juu kidogo ya noti ya G ya freti ya tatu kwenye uzi mnene. Simama mita mbili kutoka kwenye transfoma ya amplifaya, kisha geuka polepole ukiwa na gitaa; kuna upande ambao mvumo utakaribia kupotea, na hapo ndipo uwe unasimama. Jaribu pia swichi ya kuchagua pikapu kwenye nafasi ya pili na ya nne, kwa kuwa magitaa mengi ya aina hiyo yana pikapu ya kati iliyosukwa kinyume, na koili mbili zinafutiana mvumo. Ni kanuni ileile ambayo Seth Lover wa Gibson aliiombea hataza mwaka 1955.

Pedali_Kirumba

Mimi nitaongeza dogo tu: chomoa adapta na utie betri za volti 9 kwenye pedali kwa dakika tano. Kelele ikipungua, adapta ndiyo mkosaji.

Fundi_Umeme_Mwanza

Wakuu wamesema vizuri kuhusu gitaa, lakini mimi ninafunga umeme katika vilima hivi na ninaomba jengo lisisahaulike. Mji wetu umekaa juu ya miamba. Nimewahi kufukua fimbo ya ethi iliyoingia ardhini shubiri moja tu, ikakutana na jiwe, ikakatwa kwa msumeno na kichwa chake kikafunikwa saruji ili ionekane imekamilika. Ethi ya namna hiyo ni jina tu. Mahali pa miamba tunachimba mtaro kuelekea kwenye udongo wenye unyevu, tunalaza humo waya mtupu wa shaba, kisha tunapima ukinzani kwa kifaa cha ethi, na kwenye bodi ya umeme ya jengo tunaweka kikata umeme cha miliampia 30, kinachojizima umeme ukivuja. Fungueni pia ekstensheni yenu mtazame ndani.

Msolo_wa_Igogo

Ahsanteni sana ndugu zangu. Mita ilisoma volti 86 kati ya daraja na maikrofoni. Tulipofungua ekstensheni tulikuta waya mbili tu, na tundu la tatu halikuwa na kitu nyuma yake. Tumenunua kebo ya waya tatu, tukachomeka amplifaya na miksa kwenye ekstensheni hiyo moja, na sasa mita haifiki volti moja. Mkwaruzo umepungua kwa kiasi kikubwa hata kabla ya kuweka karatasi ya shaba, na nikigeukia dirisha la upande wa ziwa mvumo unabaki kidogo sana. Fimbo ya ethi tumeifukua jana, na kweli inacheza ukiitikisa kwa mkono. Wazee wa kanisa wamekubali mtaro uchimbwe, na hadi hapo kwaya itaimba bila vyombo.