Kupima uthubutu wa wanawake na wanaume kwenye VICOBA, Rungwe: nitumie jaribio gani?

Takwimu_Tukuyu
Habari zenu wakuu. Naandaa utafiti kwenye VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) vya Rungwe, wanachama wengi ni wakulima wa ndizi, viazi na parachichi. Nataka kujua kama wanawake wanakwepa ushindani kuliko wanaume. Sitaki dodoso tupu, maana mtu hujibu linalopendeza. Nataka wachague kwa pesa halisi. Wengi wameishia darasa la saba. Nitumie zoezi gani, na watu wangapi?

Uyole_Data
Kujumlisha namba kwa dakika 5, kama walivyofanya watafiti Niederle na Vesterlund (2007), waachie wanafunzi wa chuo. Huko kijijini utapima shule badala ya uthubutu.

Chukua zoezi la Gneezy, Leonard na List (2009), lililofanyika kwa Wamasai wa hapa kwetu na Wakhasi wa India. Ndoo iko mita 3, mtu anarusha mpira wa tenisi mara 10. Kabla ya kurusha anachagua: alipwe kila mpira unaoingia, au alipwe mara 3 ya hapo, ila akimshinda tu mpinzani asiyemjua. Wakitoka sare, kila mmoja analipwa kiwango cha kawaida. Kwa Wamasai, wanaume 50% walichagua shindano, wanawake 26%. Kwa Wakhasi, ambao ukoo wao hufuata mama, wanawake 54%, wanaume 39%. Kwa hiyo usikimbilie kusema ni maumbile!

Pengo kama la Wamasai linahitaji wanawake 65 na wanaume 65 hivi ili uwe na nafasi ya 80% ya kulinasa. Ongeza zaidi, kwa sababu wanachama wa kikundi kimoja hufanana.

Mdadisi_Iringa
Naongezea jambo ambalo wengi hulisahau. Anayekataa shindano huenda anaogopa hatari, au hajiamini, na ushindani wenyewe haumsumbui. Pima yote matatu.

Hatari: mpe 2,000, aamue aweke kiasi gani. Mfukoni tia harage jekundu na jeupe, ataje rangi, achomoe bila kuangalia. Akipatia, alichoweka kinalipwa mara 2.5, akikosa, kimekwenda. Asichoweka ni chake.

Kujiamini: muulize atakuwa wa ngapi, na umlipe akipatia. Kwa Niederle na Vesterlund, wanaume 75% walijiona wa kwanza kwenye kundi la watu 4, wanawake 43%, ilhali uwezo ulikuwa karibu sawa.

Takwimu_Tukuyu
Asanteni sana. Malipo nigawe palepale mbele ya kikundi?

Mdadisi_Iringa
Hapana kabisa. Bahasha, mmoja mmoja, chumba cha pembeni. Watafiti Jakiela na Ozier walionyesha huko magharibi mwa Kenya kwamba wanawake waliojua matokeo yatatangazwa mbele ya ndugu zao waliwekeza kidogo ili pesa zao zisijulikane. Ukilipa hadharani, utaandika "woga" mahali ambapo mama wa watu anakwepa kuombwa.

Vunja chenji mapema, za 500 na 1,000. Maelezo ya Kinyakyusa yaandikwe, kila mdadisi asome yaleyale. Na waliomaliza wasichanganyike na wanaosubiri, watawasimulia.